Meneja wa Vioo

Meneja hakuwa mwizi. Naanza na hilo kwa sababu wengi wakisikia habari za duka la ushirika la miaka ile ya mwisho ya Ujamaa, sukari na sabuni zilipoadimika, hudhani mara moja kwamba meneja alikuwa akipitisha magunia mlango wa nyuma. Wetu hakupitisha hata kipande cha sabuni. Mke wake alipanga foleni kama wanawake wengine. Sukari ikiisha kabla ya zamu yake, alirudi nyumbani na kikapu kitupu, na mumewe alimtazama akiondoka. Nilifanya kazi chini yake kwa miaka mingi, mimi kwenye mizani, yeye kwenye kiti chake, na sikumwona akigusa mali ya umma hata siku moja. Hata hivyo nikimkumbuka nasikia kinyaa. Nimetafuta neno jingine lenye adabu zaidi, sikulipata.

Kinyaa hicho kina sababu, nayo ni Fundi Hamisi, mshona nguo aliyepanga chumba katika jengo letu. Alipoteza chumba, riziki na jina lake kwa sababu ya kioo kimoja alichokitundika Meneja. Wote wawili wamekwisha kufariki, kwa hiyo sasa naweza kuandika. Lakini ili mtu aelewe kioo kile, itabidi kwanza aelewe jengo, kisha amwelewe aliyelitazama.

Jengo lilikuwa Kariakoo, mtaa wa ndani, mwendo mfupi kutoka sokoni. Lilikuwa nyumba ya kawaida ya Kiswahili iliyogeuzwa kuwa duka: kibaraza mbele, ukumbi katikati unaopenya mpaka nyuma, halafu ua. Vyumba vya mbele vilivunjwa kuta vikawa duka. Nyuma, upande mmoja wa ukumbi, ilikuwa stoo yetu, na upande wa pili chumba cha Fundi. Milango yote miwili ilifungukia uani, ilifanana kwa mbao na bawaba, na ilipakwa rangi ya kijani kutoka kopo moja. Ukisimama uani ukalitazama jengo, stoo ilikuwa kushoto kwako, Fundi kulia. Uani palikuwa pia na banda la Mama Zena, aliyepika chai na maandazi, pamoja na bafu, choo, na geti la bati la kutokea uchochoroni.

Meneja alianza na matundu. Ofisi yake ilikuwa kibanda cha mbao ndani ya duka, na alipokabidhiwa tu alitoboa tundu la kutazama kaunta, la pili la kutazama mizani yangu, la tatu la kutazama ukumbi. Aliyatoboa kwenye kimo cha jicho la mtu aliyekaa. Nikipima unga nilijua tundu lina mtu au halina: likiwa tupu mwanga ulipenya, likiwa na jicho lilikuwa jeusi. Unaweza kufanya kazi miaka mbele ya tundu jeusi. Unazoea, ila mkono hauwi mkono wako tena.

Matundu yalimchosha shingo. Akahamia kwenye vioo, kwanza kile chake cha kunyolea ndevu, kisha vioo vya pembeni vya malori, ambavyo alivifuata mwenyewe mtaa wa Gerezani kwa wauza vyuma chakavu. Kimoja alikifunga kwenye nguzo ya kibaraza kiangalie foleni. Kimoja alikiweka ukuta wa mwisho wa ua, ule unaotazamana na milango ya nyuma, na kingine juu ya meza yake. Alikaa akitazama duka, mgongo ameupa ukumbi, na kioo cha mezani kilimletea yaliyokuwa ndani ya kioo cha uani. Kwa njia hiyo, bila kugeuza shingo, aliiona stoo kushoto na Fundi kulia, kama mtu aliyesimama uani.

Kuvipanga vioo ndiko kulikokuwa starehe yake. Wengine Jumapili walikwenda kutazama mpira, yeye aliniita kazini.

"Chukua ufagio, simama kwenye kona ya stoo."

Nasimama.

"Sogea. Bado nakuona. Sogea tena. Inua ufagio. Naona ncha. Sogea... hapo hapo! Hapo hupo."

Nilipokuwa sipo, alikuja na chaki akachora duara kunizunguka miguu. Duara kama hilo aliliita kivuli, hata kama jua lilikuwa linalipiga. Kisha alirudi kukisogeza kioo upana wa kidole, akaniita tena, mpaka duara likafutika au likahamia kwingine. Halikwisha kamwe. Alipokifunika kivuli cha stoo kilizaliwa kivuli cha geti. Alipokifunika cha geti kwa kutundika makopo matupu kwenye kamba ili geti likiguswa yalie, paka wa Mama Zena aliyaliza mchana kutwa, na Meneja alimwandama yule paka kwa hasira ambayo sikumwona nayo kwa mtu yeyote. Alipandikiza vipande vya chupa juu ya ukuta. Alipata taa kubwa mbili akazifunga uani. Kila alipoongeza kitu alikuwa na furaha siku mbili tatu, kisha akaanza kuhangaika upya.

Alikuwa na msemo wake: "Mimi simwamini mtu, naamini nilichokiona." Aliwaambia wageni wa kamati, dereva wa lori la sukari, hata mke wake. Chande, mchukuzi aliyetubebea magunia, alikuja siku moja kuomba ruhusa akamzike shangazi yake.

"Umemwona?" Meneja akamuuliza.

"Meneja, amefia Kilwa. Nimwone vipi nami niko hapa?"

"Basi hujui. Umesikia."

"Nimesikia kwa ndugu yangu wa damu!"

"Umesikia," akarudia, na akampa ruhusa. Tena kesho yake alivua shati akabeba magunia ya Chande mwenyewe, mzee yule, bila kulalamika. Ndivyo alivyokuwa. Ukiugua alikuja kukutazama na papai mkononi. Akishakaa kitandani pako alikuwa anakutazama kweli, macho, ulimi, jasho, na ukajua papai lilikuja kuthibitisha kwamba unaumwa.

Foleni aliijua kuliko wenyewe waliopanga. Miaka ile watu walikuja alfajiri wakaweka mawe, kandambili au vikapu kushika nafasi, wakaenda kwenye shughuli zao, wakarudi duka likifunguliwa. Meneja alikaa na kioo chake cha nguzo akiyasoma mawe. Siku moja alitoka akaenda moja kwa moja kwa bibi mmoja mtu mzima, aliyejifunga kaniki, ambaye alikuwa amesimama karibu na mlango.

"Bi mkubwa, shikamoo. Hilo jiwe si lako."

"Marahaba. Jiwe langu lipi, mwanangu?"

"Lako lilikuwa la kijivu, lina ufa. Umelisukuma kwa mguu ukasimama kwenye hili jeupe."

Watu walicheka. "Meneja anayajua mawe kwa majina!" mmoja akapiga kelele. Bibi yule hakucheka. Alitoka kwenye mstari akarudi nyuma kabisa, na alipokuwa akipita tuliona kwamba miguu yake imevimba. Sukari haikumfikia. Meneja alikuwa na haki: jiwe halikuwa lake. Kila nikikumbuka habari zake nakuta hivyo hivyo, ana haki, na mimi natamani kutema mate.

Jambo la bafu lilikuwa baya zaidi. Kioo cha uani, ili kiione vizuri njia ya geti, kilipaswa kuinamishwa kidogo, na kikiinamishwa kilichukua pia mlango wa bafu, ambao ulikuwa pazia la gunia tu. Mama Zena alikuwa wa kwanza kugundua. Alikuja dukani na mwiko mkononi.

"Meneja, kioo chako kinaangalia bafuni."

"Mama, kioo kinaangalia geti."

"Basi geti liogeshe wewe, sisi tutaenda kuoga ofisini kwako."

Duka zima lilicheka, naye Meneja hakukasirika. Alimweleza kwa upole kwamba geti ndilo njia ya mwizi, kwamba yeye akiona mwanamke huwa hamtazami, anaangalia geti. Nadhani alisema kweli, na ukweli huo haukuwasaidia wanawake chochote. Mama Zena alifunga khanga mbele ya kioo. Meneja aliifungua, akaikunja vizuri, akamrudishia. Kesho akafunga, kesho kutwa akafungua. Mwishoni wanawake wa jengo lile walioga wawili wawili, mmoja ndani, mwenzake nje amesimama ametanua kitenge, mikono juu kama anayetundika nguo. Nimeiona mikono hiyo ikitetemeka kwa uchovu.

Kwetu mtu haingii ua wa watu bila kupiga hodi akasubiri karibu. Hata mwenye nyumba hupiga. Meneja aliiacha hodi taratibu, nadhani bila kujua. Alitokeza mdomoni mwa ukumbi akiwa tayari yuko katikati ya mazungumzo: "Mama Zena, hiyo sufuria ya tatu ni ya nani?" Kwake yeye alikuwa ameshaingia zamani.

Fundi Hamisi alitoka kusini, pande za Lindi. Alishona kibarazani mbele ya duka letu, na usiku aliingiza cherehani chumbani. Alikuwa mtu wa maneno machache aliyezungumza huku pini ziko mdomoni. Shati alilokushonea ulilivaa mpaka likachoka kitambaa, si uzi. Yeye na Meneja walisalimiana kila asubuhi, na kanzu ya Meneja ya Idi aliishona Fundi.

Mwaka ule mama yake Fundi alifariki, na arobaini ilikaribia. Arobaini haisomwi bila chai, wala chai hainyweki bila sukari, na sukari ilikuwa ya mgao. Majirani wakafanya kama walivyokuwa wakifanya kwa kila msiba: mmoja alitoa kikombe, mwingine kikombe, kimya kimya, kila mtu kutoka kwenye mgao wake. Mimi nilitoa kimoja. Fundi alivimimina kwenye debe akalisukuma chini ya kitanda.

Wakati huo huo Meneja alipata kioo kipya. Kilikuwa kioo kikubwa cha basi, kimetuna tumbo, ambacho kiliweza kuuona ua mzima pamoja na bafu, geti na milango yote miwili. Nilimwona akikibeba kifuani kama mtoto. Aliking'oa kile cha lori akakiweka hiki mahali pake. Kwa kuwa kilikuwa kikubwa, alisema hahitaji tena kioo cha mezani. Aligeuza kiti chake, akapanua tundu la ukumbi likawa dirisha, akawa anatazama nyuma moja kwa moja. "Sasa hakuna kivuli," aliniambia. Tulijaribu na ufagio. Kweli, hakukuwa na mahali ambapo sikuonekana. Ila hatukujaribu kitu kimoja, kwa sababu hakuna aliyekifikiria.

Siku chache baadaye lilikuja lori la sukari. Lilichelewa, mvua zilikuwa zimelijaza maji bonde la Jangwani, na kila mtu alikuwa na haraka. Chande alishusha magunia uchochoroni akayaingiza kwa geti la nyuma. Mimi nilikuwa kaunta. Nikamsikia Meneja akisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeona samaki kwenye ndoano: "Nimemwona."

"Nani?"

"Chande. Ameingiza gunia kwa Fundi."

Kutoka kwenye kiti chake mpaka mlango wa Fundi ulikuwa ukumbi tu. Hakunyanyuka. Alimtuma mtu akamwite balozi wa nyumba kumi, na balozi alikuja na mgambo wawili.

Chande alipowaona mgambo alitupa kitambaa cha begani akakimbia. Hakuwa na kitambulisho cha kazi, na miaka ile asiyekuwa nacho alipakiwa lori akarudishwa kijijini. Lakini Meneja alisema: "Mnaona?" Wakamchukua Fundi kutoka kibarazani, tepu bado iko shingoni.

"Gunia liko wapi?" balozi akauliza.

"Gunia gani, ndugu balozi? Mimi niko kibarazani tangu asubuhi. Meneja mwenyewe ananiona."

"Ndiyo ujanja wenyewe," Meneja akasema.

Walipekua. Gunia halikuwepo. Tulihesabu ya stoo, yakatimia sawasawa na yaliyoletwa. Mtu mwingine yeyote angeishia hapo. Meneja alisema basi lilikuwa gunia la ziada, wamepatana na dereva, na Chande amekwisha kulitoa. Ndipo mgambo mmoja akavuta debe kutoka chini ya kitanda.

"Hii nini?"

"Sukari ya arobaini ya mama yangu."

"Debe zima? Umeipata wapi?"

Fundi alitazama chini. Angesema, angewataja majirani nusu ya mtaa, na kila mmoja angeulizwa kwa nini anagawa mgao. Mimi nikasema: "Ni vikombe vya majirani. Mimi nimetoa kimoja."

"Wewe umetoa kikombe," balozi akanijibu. "Hapa pana debe." Akageuka kuwatazama watu waliojaa uani. Hakuna aliyefungua mdomo.

Fundi alimwambia Meneja neno moja tu alipokuwa akitolewa. "Umeliona hilo gunia, Meneja? Wewe mwenyewe?"

"Nimeliona kwa macho yangu."

Mlango wa Fundi ulipigwa misumari. Yeye aliwekwa ndani, na jina la mlanguzi likakaa juu yake kama lami.

Haikupita muda mrefu, Meneja alikwenda msikitini kuswali adhuhuri akaniambia nimshikie kiti. Mchukuzi mpya alikuwa akiingiza unga. Nilitazama kwenye kioo kikubwa na nikamwona, gunia begani, akiingia kwenye mlango wa kulia, mlango wa Fundi, ule uliopigiliwa misumari. Mtu hapiti kwenye mbao. Nilitoka mbio kwenda nyuma nikamkuta stoo, anapanga unga.

Nilirudi kitini nikafikiri. Zamani picha ilikuwa inapita vioo viwili. Cha kwanza kiliigeuza, cha pili kikairudisha sawa: stoo kushoto, Fundi kulia. Sasa kilikuwa kioo kimoja, na hakuna cha kuirudisha. Stoo ilikuwa imehamia kulia. Macho ya Meneja yalikuwa yamezoea kwa miaka kwamba kulia ni kwa Fundi, na milango ilifanana. Chande alikuwa ameingiza gunia letu kwenye stoo yetu. Hakukuwa na wizi wowote siku ile. Kulikuwa na mtu anayefanya kazi yake.

Meneja aliporudi, nilimwomba Mama Zena asimame uani mbele ya mlango wa stoo.

"Meneja, Mama Zena yuko mlango gani?"

Akatazama. "Kwa Fundi."

"Nenda ukamwone."

Alikwenda kwa miguu yake. Nilimsikia Mama Zena akisema, "Niko hapa tangu umeniona, Meneja, sijasogea." Alirudi akakaa, akavua kofia, akaipangusa, akaivaa. Nilisubiri aseme lile ambalo binadamu angesema.

"Kioo hiki hakikukaa vizuri," akasema.

"Na Fundi?"

"Sukari ilikutwa."

"Ulisema gunia."

"Na sukari ilikutwa." Kisha akaniambia nimletee ngazi. Alasiri ile ile alikitundika tena kioo cha mezani, akakigeuza kiti kama zamani, akaniambia nichukue ufagio. Nilikataa. Alimwita mwingine.

Nilikwenda kwa balozi nikamweleza habari ya vioo viwili na kioo kimoja. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza ndoto. "Kijana, mwenye kioo amelalamika?" Hakulalamika. Kwenye mkutano wa kamati Meneja alisifiwa kwa ulinzi, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Fundi alitolewa baada ya muda, lakini chumba kilikuwa na mtu mwingine, na asiye na chumba wala kibaraza hakuwa na kazi ya kuonyesha. Naye akapakiwa lori, akarudishwa kusini. Mke wake alifunga kichwa cha cherehani kwa khanga akakibeba kichwani mpaka kwa ndugu zake Mbagala. Mimi niliacha kazi pale mwaka huo huo.

Miaka ikapita, biashara zikafunguliwa, duka la ushirika likafa. Kwenye jengo lile wakaanza kuuza redio. Fundi akarudi mjini, nywele nyeupe, na kile kichwa cha cherehani. Akatafuta kibaraza katika mtaa wetu wa zamani, ambako watu walijua mkono wake. Kumbe walijua na mengine. Kwa fundi mteja huacha kitambaa akaondoka, na hakuna aachaye kitambaa kwa mtu aliyekutwa na debe la sukari. "Ni yule wa sukari," walisema, na kibaraza kikawa kimeshachukuliwa.

Akanijia nyumbani. "Nipeleke kwa Meneja," alisema. "Sitaki kugombana naye. Nataka aseme mbele ya watu kwamba sikuiba. Akisema yeye, wataamini."

Meneja aliishi Ilala, amestaafu, ametoka kuugua. Alitupokea vizuri mno. Alimtambua Fundi mara moja, akamwita kwa jina, akauliza watoto mmoja mmoja, akaagiza kahawa. Fundi alimweleza haja yake kwa maneno machache yale yale. Meneja akamshika mkono.

"Fundi, nimeugua, nimeyafikiria mengi. Alhamisi nasoma dua hapa nyumbani, na watu wa mtaa ule nimewaalika. Njoo. Nitasema mbele yao."

Njiani kurudi nilijiambia kwamba labda nimemhukumu vibaya miaka yote. Alhamisi Fundi alikuja na kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama.

Walikuja wengi. Balozi wa zamani alikuwepo, na mzee mmoja mwenye nyumba ya kona, yenye kibaraza kirefu chenye kivuli, ambaye Fundi alishamwomba akanyimwa. Dua ilisomwa, watu wakanywa chai. Meneja akanyanyuka, akamwinua na Fundi kutoka kwenye jamvi, akamweka ubavuni pake.

"Ndugu zangu," alisema, "mtu mzima hafai kufa na kinyongo. Huyu ni Fundi Hamisi, mnamjua. Yaliyotokea mnayajua, sitayarudia. Alikuja kwangu mwenyewe, kwa miguu yake. Mimi leo, mbele ya Mungu na mbele yenu, nimemsamehe. Nanyi nawaomba mumsamehe."

"Amin!" watu wakaitikia.

"Meneja," nikasema kwa sauti, "hivyo sivyo mlivyokubaliana. Huyu hakuiba. Sema ulichokuta uani siku ile."

Mtu wa pembeni akanikandamiza goti. "Wewe bwana, usiharibu heri ya watu." Meneja alinitazama kwa huruma. Machozi yalikuwa yanamtoka, na yalikuwa machozi ya kweli. Huo ndio uchafu wenyewe: hakuwa anadanganya. Alikuwa ameshajisamehe kwa kumsamehe mwenzake, na alijisikia mwepesi.

Watu walijipanga kumpa Fundi mkono, mmoja baada ya mwingine. Mzee wa nyumba ya kona alimshika kwa mikono yote miwili.

"Binadamu wote tunateleza, Fundi. Kibaraza changu kipo. Lete cherehani yako kesho."

Fundi alimtazama. Nilimwona akifungua mdomo, akaufunga, kama ule wa zamani wenye pini. Watu walikuwa wanasubiri wakitabasamu.

"Ahsante, mzee," akasema.

Tulipotoka nilianza kusema. Nilimwambia kesho nitapita nyumba kwa nyumba, nitamwita Mama Zena, tutaeleza habari ya kioo mpaka aelewe aliye mzito kuliko wote. Fundi alinishika mkono akasimama katikati ya njia.

"Usiseme," alisema. "Nina kibaraza sasa. Ukiwaambia sikuiba, watauliza nilisamehewa nini."